Ukimya wa Mkwaju Namba 288

Mti husema ukweli alfajiri tu. Jua likishapanda, majani hufungua vitundu vyake, maji huvutwa kwenda juu, na kipimo chochote utakachochukua kitakuwa kipimo cha jua, si cha mti. Ndiyo maana saa kumi na moja na nusu Yudisi alikuwa tayari kwenye Mkanda, buti miguuni, kitambaa puani, kidude cha kusikilizia kikining'inia shingoni.

Alikigusisha kwenye shina la mgunga namba 281. Tik. Tik-tik. Tik.

"Kumi na nne kwa dakika," alisema.

"Kumi na nne," Mlezi alirudia sikioni mwake. Mlezi alikuwa mtambo wa ofisini, lakini sauti yake ilikwenda popote Yudisi alipokwenda. "Mti umefungwa kwa dawa siku themanini na mbili. Akiba ya wanga, siku sitini. Endelea."

Akaendelea.

Ulikuwa mwaka wa tatu bila mvua ya maana katika nyanda za Bahi, na Mkanda ndio pekee uliosimama kati ya watu elfu mbili na vumbi. Safu sita za miti, kilomita nne, upande unakotokea upepo. Kila mti ulipandwa siku kitovu cha mtoto fulani kilipodondoka. Kitovu kilitangulia shimoni, mche ukafuata. Wageni waliona msitu mwembamba wenye kiu. Wenyeji waliona watoto wao wamepanga foleni.

Kazi ya Yudisi ilikuwa kuwasikiliza wakikauka. Alikuwa na stashahada ya misitu, miaka kumi na tisa ya kazi na mdomo ambao watu waliuogopa kuliko mitambo. Ndani ya shina, aliwahi kuwaeleza akina mama kwenye mkutano, maji hupanda kwa nyuzi nyembamba, nyembamba kuliko unywele. Jua linavuta juu, udongo unang'ang'ania chini. Udongo ukikauka, uzi unakazika mpaka unakatika, hewa inaingia mahali pake, na mrija huo haupitishi tena tone. Ule mkato ndio tik. Tiki chache, mti unavumilia. Tiki nyingi, mti unakwenda. Mama mmoja akauliza, na mti usio na tiki hata moja? Yudisi akamjibu kwamba huo una raha zake.

Namba 288 ulikuwa kimya.

"Salama," Mlezi alisema. "Unyevu wa udongo ni mzuri. Mti haukuhitaji kufungwa. Endelea."

Hakuendelea. Siku zote vipimo vya mkwaju huu alivipokea kutoka kwa Mlezi akiwa njiani, hatua thelathini kutoka kwenye shina, kwa kuwa Mlezi alisoma "salama" na salama haihitaji mtu ausogelee. Leo jani moja lilikuwa limepeperuka likamgonga shavuni. Lilikuwa kavu, limejikunja. Akainua macho. Mti mzima ulikuwa umevaa majani makavu, kahawia, yote yakiwa bado yameshika matawi.

Hapo akajua. Kudondosha majani ni kazi, na kazi hufanywa na aliye hai. Miti mingine yote aliyoifunga ilipukutisha ndani ya wiki mbili na ikabaki uchi, mibaya, mizima. Mti unaokufa ghafla hubaki na nguo zake.

Alichuna gome la kijitawi kwa kucha. Kahawia. Akachuna tawi la pili, nene kidogo. Kahawia. Akapiga magoti akaanza kuchimba kwa kijembe chake kifupi.

Juu kabisa udongo ulikuwa mkavu kama unga. Chini ya vidole vinne ulikuwa umelowa. Sehemu iliyolowa haikuzidi upana wa ungo, na ndani yake mizizi ilikuwa imejazana, myembamba, myeupe, imesongamana kama nywele za kichanga. Kijiti cha kupimia unyevu kilikuwa kimechomekwa katikati pale pale. Alichimba zaidi. Dhiraa moja kwenda chini hapakuwa na mzizi wala unyevu; palikuwa na udongo mgumu kama tofali. Mkwaju wa miaka tisa, ambao ungepaswa kuwa umeshuka kuyafuata maji popote yalipo, ulikuwa umekaa sebuleni ukisubiri kuletewa.

Mtu alikuwa akiuletea. Pembeni, kwenye tope lililoganda, palikuwa na duara la kitako cha kidumu, lile umbo la vidumu vya mgao vinavyotolewa kituoni, lita tatu kwa mtu kwa siku, namba ya mtu imechapwa chini. Namba ilisomeka kinyumenyume kwenye tope. Yudisi aliinamisha kichwa akaisoma.

417.

Yake mwenyewe ilikuwa 416. 417 ilikuwa ya mama mkwe wake.

 Alikata kipande cha mzizi mkubwa, unene wa kidole gumba, akakidondoshea ayodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Mzizi wenye wanga hugeuka mweusi wa bluu papo hapo. Huu ulibaki rangi ya chai. Kisha, taratibu, ukingoni karibu na gome, ukatokea mstari mmoja mweusi, mwembamba kama wa kalamu.

"Endelea," Mlezi alisema.

"Nyamaza," Yudisi alisema.

Alikaa pale muda akiutazama ule mstari. Mwanawe Lungwa, mwenye mti huu, alikufa kwa homa ya vumbi akiwa na miaka sita, siku upepo ulipopenya mahali Mkanda ulipokuwa na pengo. Yudisi alijua kwamba hapa ndipo mtu angelia. Alisubiri dakika nzima, kwa adabu, kama mtu anayemngojea mgeni aliyechelewa. Halafu akasimama, akajipangusa magoti, akaenda kuangalia miti mingine iliyokuwa na majani.

Pamoja na huu, ilikuwa sabini na nne.

*

"Mbukwa, mwenyekiti," Yudisi alisalimu mlangoni.

"Mbukwa, fundi. Kaa."

"Sikai. Miti sabini na nne inakufa, na Mlezi anasema ni salama."

Chibago, mwenyekiti wa Kamati ya Mkanda, aliweka chini kikombe chake cha uji. Alikuwa mtu mnene enzi za mvua. Sasa ngozi ilimning'inia kama koti la kuazima, lakini utani haukumpungua. "Siku utakayoingia humu ukaongeza 'umeamkaje', Yudisi, nitaanguka nife kwa mshtuko. Haya. Inakufaje na iko salama?"

"Imenyamaza kwa sababu hakuna uzi uliobaki wa kukatika. Tangu lini, sijui. Mlezi anasikia kimya, anaona kijiti kina unyevu, anafanya hesabu yake. Hesabu ni sahihi. Ila unyevu ni wa kidumu."

"Kidumu kipi?"

"Watu wanamwagilia. Kidogo kidogo, mgao wao wa kunywa, pale pale kwenye kijiti kwa sababu udongo pale ni laini. Nadhani miaka mingi. Mizizi imezoea kulishwa mdomoni, haikushuka. Na tulipofunga miti miezi mitatu iliyopita, hii tuliiruka. Vijiti vilisema ina maji."

Chibago alivua miwani akaifuta kwa shati. Alikuwepo siku ya kufunga. Alishika mwenyewe bomba la sindano, akashuhudia dawa ikiingia chini ya gome na majani yakifumba vitundu vyake kabla ya saa sita. Alikumbuka pia kelele za akina mama majani yalipoanza kuanguka, na jinsi Yudisi alivyopanda juu ya debe akawaambia: mti uliofungwa hauvuji maji, lakini haupiki chakula pia, unakula akiba. Mkiuacha wazi utakufa kwa kiu. Mkiufunga, siku moja utakufa kwa njaa. Mimi kazi yangu ni kuomba mvua itangulie njaa. Mnyamaze sasa.

"Tuifunge leo," alisema Chibago.

"Ufunge nini? Ni kama kufunga mlango wa nyumba iliyokwisha kuungua. Shina limekwenda."

"Basi imekwisha."

"Mizizi bado. Nimeipima yote kwa ayodini. Ina mstari wa wanga. Ukikata shina leo, kiganja kimoja juu ya ardhi, ukapaka kisiki nta, mzizi unabaki na tumbo moja tu la kulisha, lake. Mvua ikija utachipua."

"Yote?"

"Sita katika kumi. Labda. Tukingoja wiki mbili, hakuna."

Nje, gurudumu la upepo lilikwaruza, likasimama. Chibago alivaa miwani tena.

"Nikuambie kitu, dada yangu, na usinipandishie sauti. Usipokata, ukame umeua. Watu watalia, watazika tawi, yataisha. Ukikata, Yudisi kaua. Mti wa mtoto! Hapa hatujakata hata mmoja tangu kituo kijengwe. Kumi katika hiyo sabini na nne ni ya watoto waliokwisha kufa, unajua."

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja." Akakohoa. "Haya, kata. Lakini sema mchwa. Nani atabishana na mchwa? Mchwa wamekula mizizi, kamati imeamua, poleni sana. Hakuna aliyekosea."

Yudisi alilifikiria. Alilifikiria kweli, na hilo lilimshangaza, kwa sababu hakuwa mtu wa kuzunguka. Lilikuwa shauri zuri. Lingemwezesha kurudi nyumbani leo, ale ugali wake na mlenda, alale.

"Nikisema mchwa," alisema, "watakililia kisiki. Na watakimwagilia, tena kwa mikono miwili. Kisiki kikinusa maji kabla ya mvua kitachipua vijani viwili, kitamalizia wanga wake wote hapo, na jua litavikausha. Itakufa yote sabini na nne, mwenyekiti, mara ya pili."

"Kwa hiyo unataka kwenda nyumba kwa nyumba ukawaambie wameua wenyewe. Kwa maji ya midomo yao."

"Sitaki. Nakuambia hakuna njia nyingine."

"Utaanza na nani?"

"Mbili themanini na nane."

Chibago hakutania tena. Alivuta droo akampa ufunguo wa kabati la msumeno. "Mama anajua?"

"Atajua."

*

Mama Nyendo alikuwa kibarazani akipepeta mlenda mkavu kwenye ungo. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mrefu, mgongo bado umenyooka, lakini mikono yake siku hizi ilikuwa imebaki mishipa na mifupa. Mara mbili mwezi huo alikuwa ameyumba akiinuka. Yudisi aliona, akahesabu ni uzee, akapita. Mika, mume wa Yudisi, alikuwa Kondoa akichimba visima mwaka wa pili sasa, na kila alipopiga simu aliuliza, mama anakula? Anakula, Yudisi alimjibu. Hakuulizwa kama anakunywa.

"Umerudi mapema, Mama Lungwa."

Watu wote pale kituoni walikuwa wameacha kumwita hivyo tangu msiba. Walimwita fundi, au dada, au hawakumwita kabisa. Huyu mmoja hakuacha.

"Twende kwenye Mkanda, Mama. Chukua kidumu chako."

Mikono ya bibi ilisimama juu ya ungo. Aliutazama msumeno begani kwa mkwewe.  Alisimama, akashika nguzo mpaka kizunguzungu kikapita, akachukua kidumu.

 Jua lilikuwa la saa saba, kivuli kimekaa chini ya miguu yao. Walipofika, Mama Nyendo aliona shimo lililochimbwa, ile mizizi myeupe ambayo sasa ilikuwa imekauka na kuwa rangi ya katani, na duara la kitako cha kidumu chake kwenye tope.

"Majani yapo," alisema haraka. "Mingine yote imekuwa uchi, huu una majani. Nimekuwa nikisema, wa kwetu ndio una majani."

"Gusa."

Aligusa. Jani likavunjika vipande viwili kiganjani.

"Ni mimi?" Mama Nyendo aliuliza.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi Yudisi alitafuta neno laini. Mchwa lilikuwepo, karibu kabisa, kwenye ncha ya ulimi. Alitazama uso ule mkavu, midomo iliyopasuka katikati, akaona kitu ambacho macho yake yalikuwa yamekiona kwa miezi bila kumpelekea habari: huyu mama alikuwa akifa kwa kiu ndani ya nyumba yake, taratibu, kikombe kwa kikombe, na tiki zake hakuna aliyezisikiliza.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Ni maji. Hayakuuacha ushuke chini."

Mama Nyendo alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei.

"Ungeniambia," alisema. "Wewe hujawahi kumficha mtu kitu. Ungeniambia, nisingeleta."

"Sikujua. Sikuwa nakuja."

"Hukuwa unakuja?"

"Miaka mitatu. Nilikuwa nasimama pale njiani. Mtambo ulisema salama, nikauamini, kwa sababu nilitaka kuuamini. Ningefika hapa hata siku moja ningeona kidumu chako kwenye tope." Aliushusha msumeno begani. "Wewe ulikuja mno, Mama. Mimi sikuja kabisa. Hesabu ni ya wote wawili."

Upepo ulipita, majani yakagongana kwa sauti ya karatasi. Hakuna hata moja lililoanguka.

"Nikate sasa?" Yudisi aliuliza. Hakuwa amepanga kuuliza.

"Utarudi?"

"Labda. Sita katika kumi."

"Lungwa alivyougua walituambia mbili katika kumi," Mama Nyendo alisema, "na tulikaa naye." Akarudi nyuma hatua tatu. "Kata, mwanangu."

Msumeno wa betri haukupiga kelele nyingi. Ulipita kwenye shina kama kwenye mkate wa jana, vumbi la mti likaruka kavu, jekundu, bila harufu. Mkwaju uliegemea upande wa jangwa, ukalala. Kazi ya dakika moja. Miaka tisa.

Yudisi alipiga magoti akasafisha kisiki kwa mkono. Katikati kulikuwa kukavu, kumepasuka. Pembeni pia. Alizungusha kidole chini ya gome, akihesabu, robo duara, nusu duara, na upande wa chini kabisa, uliopakana na mzizi mkubwa, kidole chake kikakutana na ubaridi. Palikuwa na mstari wa kijani wa urefu wa kijiti cha kiberiti. Akapaka nta kote isipokuwa hapo, kisha akapaka na hapo.

Aliposikia mlio wa kifuniko alijua bila kugeuka. Mama Nyendo alikuwa amekifungua kidumu. Alikuwa amekiinamisha juu ya mzizi, si kwa ukaidi. Mkono ulikuwa umezoea, ulikwenda wenyewe.

Yudisi aliushika mkono ule. Ulikuwa mwepesi mno.

"Usiupe. Sasa hivi maji yatauamsha, na hauna cha kula ukiamka. Uache ulale."

"Lita nzima hii. Niimwage wapi?"

"Kunywa."

"Ni yake, hii."

"Kunywa, Mama. Kunywa mbele yangu."

Bibi alikitazama kidumu kama kitu cha mtu mwingine. Akakiinua. Alikunywa kama wanavyokunywa watu waliosahau, akikohoa, maji yakimtiririka shingoni, akisimama katikati kuvuta pumzi na kuendelea tena. Yudisi alihesabu mafunda kwa sababu ndicho alichojua kufanya. Alifika kumi na moja. Kisha akachomeka kidude kwenye mzizi, chini kidogo ya nta, akaweka ncha nyingine sikioni.

Kimya. Huo ukimya tayari alikuwa ameuamini miaka mitatu, hakutaka kuuamini tena. Akasubiri. Jua lilimchoma kisogo. Mlezi alianza kusema kitu kuhusu namba 288 na hitilafu ya kipimo, Yudisi akamzima.

Tik.

Uzi mmoja umekatika. Basi ulikuwepo uzi.

Alimpa Mama Nyendo kidude. Bibi alikishikilia sikioni kwa mikono miwili, kinywa wazi, kidevu bado kinadondosha maji.  Hakusema alichosikia na Yudisi hakumuuliza. Kuna kitu kilikuwa kimembana kifuani, chembamba, kimekazika sana. Alikiacha kama kilivyo, akainuka, akabeba msumeno.

"Unaofuata ni wa nani?" Mama Nyendo aliuliza.

"Mbili tisini na moja. Wa mtoto wa Dorika."

"Dorika! Dorika atakurukia shingoni."

"Namjua."

"Atasema umekuja kumkatia mtoto kwa wivu, kwa kuwa wako hayupo."

"Aseme."

"Hapana. Wewe kaa nyuma na huo msumeno wako, na mdomo wako huo ambao ni msumeno wa pili." Mama Nyendo alijifunga khanga upya kiunoni, akakitikisa kidumu kusikia kilichobaki. "Nitamwambia mimi. Nitamwambia nilivyofanya. Namba yangu iko hapo kwenye tope, aje asome."

Akatangulia. Baada ya hatua kumi alisimama, akanywa funda moja, akafunga kifuniko, akaendelea.